Tarakimu sita za shamba la kahawa: desimali zinapopotelea kati ya seva na Excel

Kahawa ya Kagera ikitaka kuingia soko la Ulaya, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile inayohusu mazao na ukataji wa misitu, inataka shamba lioneshwe lilipo kwa latitudo na longitudo zenye angalau tarakimu sita baada ya nukta. Shamba lililozidi hekta nne linadaiwa poligoni ya mipaka yake. Simu yenye KoboToolbox au ODK, programu za kukusanya data shambani, inazichukua tarakimu hizo bila taabu. Zinapotea baadaye, mezani, pale data inapotolewa kwenye seva, ikafunguliwa Excel, ikahifadhiwa, ikatumwa kwa barua pepe, ikafunguliwa tena na mtu mwingine.

Ukubwa wa hasara unahesabika. Karibu na ikweta nyuzi moja ni takriban kilomita 111. Kwa hiyo nafasi ya kwanza ya desimali ina thamani ya kilomita 11, ya pili kilomita 1.1, ya tatu mita 110, ya nne mita 11, ya tano mita 1.1 na ya sita sentimita 11. Chukua mfano wa nukta iliyo Bukoba: latitudo -1.331647, longitudo 31.812480. Ikikadiriwa hadi nafasi mbili inakuwa -1.33 na 31.81, na shamba limesogea zaidi ya mita 300. Umbali huo unatosha kulitoa kwenye mibuni na kulitumbukiza kwenye hifadhi ya msitu, kisha mnunuzi anauliza maswali ambayo mkulima hana hatia nayo. (Nafasi ya sita yenyewe ni ya kuridhisha kanuni zaidi kuliko ardhi, maana GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa hata mbingu zikiwa wazi. Lakini kanuni ni kanuni.)

Watu husema "desimali zimepotea" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na dawa zake hazifanani. Desimali zinaweza kuwa zimefichwa tu: thamani nzima ipo ndani ya seli, fomati ndiyo inayoonesha mbili. Zinaweza kuwa zimekatwa: hazipo tena popote ndani ya faili hilo. Au namba imesomwa vibaya: tarakimu zote zipo, ila nukta imedhaniwa kuwa kitenganishi cha maelfu ikatupwa. Aliyefichiwa anatibiwa kwa kubofya mara mbili. Aliyekatiwa hana budi kurudi kwenye chanzo. Aliyesomewa vibaya anaweza kuokolewa, lakini si kwa njia ambayo wengi huikimbilia, kama tutakavyoona.

Mwamuzi ni Notepad

Kabla ya kugusa kitu chochote ndani ya Excel, lifungue faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa Notepad: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, "Open with", Notepad. Usilibofye mara mbili, kwa sababu kwenye kompyuta nyingi hilo linaita Excel, na Excel inaanza kutafsiri kabla hujaona lolote. Notepad haitafsiri. Inaonesha herufi zilizomo, basi.

Ukiona -1.331647 ndani ya Notepad, chanzo hakina kosa. Tatizo lipo kwenye kufungua au kuhifadhi. Ukiona -1.33, kosa limetangulia, na hakuna mpangilio wa Excel utakaorudisha kisichokuwepo. Dakika moja ya kuangalia hivi inaokoa mabishano marefu kati ya mtu wa hifadhidata na mtu wa ripoti.

Kwa faili la .xlsx, bofya seli yenyewe na utazame upau wa fomula juu ya jedwali, maana huo hauzingatii fomati ya desimali. Kama bado una shaka, tengeneza nakala ya faili, badilisha .xlsx iwe .zip, lifungue, kisha ingia folda ya xl, halafu worksheets, ufungue sheet1.xml. Humo utakuta kitu kama `<c r="B2" s="3"><v>-1.331647</v></c>`. Kilicho ndani ya v ndicho thamani halisi; s="3" ni namba ya fomati tu. Pengine utakuta mkia wa aina ya -1.3316470000000001. Usishtuke. Excel hutunza namba kwa mfumo wa jozi wa biti 64 na huandika hadi tarakimu 17 ndani ya faili, ila kwenye skrini haivuki tarakimu 15 zenye maana. Mkia huo si kosa la data, na haufai kumfanya mtu aanze kuifuta kwa ROUND.

Zikikatwa kwenye chanzo

Kwenye hifadhidata (SQL Server, MySQL, PostgreSQL na wenzao), mshukiwa wa kwanza ni aina ya kolamu. Ukiandika DECIMAL bila kutaja ukubwa, SQL Server inaelewa DECIMAL(18,0) na MySQL inaelewa DECIMAL(10,0). Sufuri hiyo ya pili maana yake hakuna desimali hata moja, na namba inakadiriwa kimyakimya wakati wa kuingizwa. Kwa viwianishi, yaani latitudo na longitudo, tumia DECIMAL(9,6): tarakimu tatu kabla ya nukta zinatosha kwa 180, sita baada yake zinatimiza kanuni. FLOAT ya MySQL nayo ina mtego wake, kwani huonesha tarakimu sita kwa jumla, si sita baada ya nukta, hivyo 31.812480 inatoka ikiwa 31.8125.

SQL Server hufanya vivyo hivyo pale mtu anapogeuza float kuwa maandishi ili aunganishe safu za ripoti. `CAST(longitudo AS varchar(20))` inarudisha tarakimu zisizozidi sita: 31.8125, na latitudo yetu inakuwa -1.33165. Aliyeiandika anaona desimali nne au tano, anaridhika, anaendelea na kazi. Dawa ni kupitia DECIMAL kwanza: `CAST(CAST(longitudo AS decimal(9,6)) AS varchar(20))`.

Wastani nao una lake. Ukigawa kilo kwa idadi ya miti, na zote mbili ni namba nzima, SQL Server na PostgreSQL zinarudisha namba nzima: 7/2 ni 3. MySQL inarudisha 3.5000. Swali lilelile la SQL likihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine linabadili majibu bila kutoa onyo lolote. Zidisha kimoja kwa 1.0 kabla ya kugawa.

Microsoft Access inastahili aya yake, kwa kuwa vyama vya ushirika na miradi mingi midogo bado inaitumia. Ukitoa jedwali lenye kolamu za aina ya Double kwenda faili la maandishi, Access huandika nafasi mbili za desimali, hata kama jedwali lenyewe linaonesha sita. Inafuata mpangilio wa Windows wa idadi ya tarakimu baada ya nukta, ambao kwa kawaida ni 2. Unaweza kuubadilisha kwenye Control Panel, "Region", "Additional settings", lakini hapo umebadilisha kompyuta nzima kwa ajili ya faili moja. Njia safi ni kutengeneza swali (query) lenye sehemu kama `Lat: Format([latitudo],"0.000000")`, kisha utoe swali hilo badala ya jedwali. Namba inatoka ikiwa tayari ni maandishi, na Access haina tena la kukadiria.

Nukta na mkato

Hapa ndipo penye vurugu kubwa. Kenya, Tanzania na Uganda, kompyuta nyingi zina mpangilio wa Kiingereza: nukta hutenga desimali, mkato hutenga maelfu. Bujumbura, Goma au Lubumbashi utakuta mashine za Kifaransa: mkato hutenga desimali, nafasi tupu hutenga maelfu. Ujerumani, mkato ni desimali na nukta ni maelfu. Faili la CSV halibebi maelezo yoyote kuhusu lugha yake. Excel inalisoma kwa mpangilio wa kompyuta iliyolifungua.

Ongeza kwamba CSV ya KoboToolbox hutenganisha kolamu kwa nukta mkato (;). Kwenye mashine ya Kiingereza, ukilibofya mara mbili, kila kitu kinarundikana kolamu A, na mtu anajua mara moja kwamba kuna shida. Kwenye mashine ya Kijerumani kolamu zinajipanga vizuri kabisa, kila moja mahali pake, na hapo ndipo hatari ilipo. Faili linapendeza, huku nukta za viwianishi zimesomwa kuwa za maelfu. -1.331647 imekuwa -1331647, na 31.81248 imekuwa 3181248.

Kwenye mashine ya Kifaransa dalili ni nyingine: namba zinabaki upande wa kushoto wa seli kama maandishi, na SUM inatoa 0. Hilo si janga, tarakimu zote zipo. Chagua kolamu, nenda "Data", "Text to Columns", bonyeza hadi hatua ya tatu, fungua "Advanced", weka nukta kuwa kitenganishi cha desimali, umalize. Au tumia fomula isiyojali mpangilio wa mashine: `=NUMBERVALUE(B2,".",",")`, ambayo kwenye Excel ya Kifaransa inaitwa VALEURNOMBRE, na hoja zake hutenganishwa kwa nukta mkato.

Turudi kwa zile namba kubwa za Kijerumani. Wazo la kwanza la kila mtu ni kugawa kolamu nzima kwa milioni moja. Tazama kinachotokea. Latitudo -1331647 inarudi kuwa -1.331647, safi. Longitudo ilikuwa 31.812480, lakini programu nyingi haziandiki sufuri ya mwisho, kwa hiyo faili lilikuwa na 31.81248, ikawa 3181248, nawe ukigawa kwa milioni unapata 3.181248. Shamba la Bukoba sasa linaelea kwenye Ghuba ya Guinea. Na si mashamba yote yatakayohama: takriban moja kati ya kumi lina sufuri mwishoni mwa longitudo yake, hivyo ukikagua mistari mitano ya kwanza unaweza usione kosa lolote.

Kwa longitudo za Afrika Mashariki kuna njia ya kuokoa, maana zote zina tarakimu mbili kabla ya nukta: `=VALUE(LEFT(C2,2)&"."&MID(C2,3,20))`, ukiifanya kwenye mashine ya Kiingereza. Latitudo haziokoleki kwa kubahatisha. Tarakimu -1052347 zinaweza kuwa -1.052347, ambayo ni Kagera, au -10.52347 iliyopoteza sufuri ya mwisho, ambayo ni kusini kabisa upande wa Ruvuma. Na za karibu na ikweta zinazoanza na -0 zimepoteza hata ile sufuri ya mbele. Hapo usijifanye fundi. Rudi kwenye chanzo.

Kama faili lilitoka Kobo, chanzo kinaweza kuwa karibu kuliko unavyodhani. Kwa swali la GPS, Kobo hutoa kolamu nne zilizogawanywa, kwa mfano _gps_latitude, _gps_longitude, _gps_altitude na _gps_precision, pamoja na kolamu moja ya asili yenye vyote vinne vikitenganishwa kwa nafasi tupu: `-1.331647 31.81248 1240.5 4.8`. Kwa sababu ya nafasi hizo, Excel huiona kuwa maandishi na haiigusi. Wengi huifuta kwa kudhani ni marudio. Iacheni. Latitudo unaitoa humo kwa `=NUMBERVALUE(LEFT(A2,FIND(" ",A2)-1),".",",")`, hata kama kolamu zilizogawanywa zimeharibika zote.

Kulifungua faili kwa usahihi tangu mwanzo ni kazi ya dakika mbili. Fungua Excel tupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", chagua faili. Kwenye dirisha la hakikisho weka "File Origin" iwe 65001 UTF-8, "Delimiter" iwe nukta mkato au mkato kulingana na ulichokiona Notepad, na "Data Type Detection" iwe "Do not detect data types". Bonyeza "Transform Data". Sasa kila kolamu ni maandishi, hakuna kilichotafsiriwa. Bofya kulia kichwa cha kolamu ya latitudo, "Change Type", halafu "Using Locale"; chagua "Decimal Number" na "English (United States)". Fanya hivyo kwa longitudo, kisha "Close & Load". Njia hii inatoa jibu moja Mwanza, Bujumbura na Berlin.

Ile hatua ya kuzima utambuzi wa aina si ya mapambo. Power Query, ile zana ya Excel inayofunguka kwa "Transform Data", ikiachwa ijiamulie, hutazama mistari 200 ya kwanza. Tuseme kolamu ya kilo za mavuno ina 40, 55, 120 kwenye mistari 200 ya mwanzo kwa sababu kikundi cha kwanza kilipima kwa magunia, na desimali zinaanzia mstari wa 201. Kolamu itaitwa "Whole Number", na 47.6 itakadiriwa kuwa 48 bila alama ya kosa. Ukiwa umeshaingiza faili, angalia hatua iitwayo "Changed Type" upande wa kulia, ukiona Int64.Type (aina ya namba nzima) kwenye kolamu yenye desimali, ifute hatua hiyo na uanze upya. Aina ya "Currency" nayo ina mipaka: nafasi nne za desimali, haizidi. Kwa shilingi inatosha, kwa viwianishi haifai.

Kuhifadhi ndiko kunakoua

Excel ikihifadhi CSV, inaandika kinachoonekana kwenye seli, si kilichomo. Seli yenye -1.331647 iliyofomatiwa nafasi mbili inaandikwa -1.33, na ukilifunga faili mchezo umekwisha. Hata fomati ya "General" hukata: huonesha herufi 11 hivi pamoja na nukta, kwa hiyo theluthi moja inaandikwa 0.333333333. Nambari za simu zenye tarakimu 12 zinazoanza na 255 zinapata adhabu nyingine, maana "General" huzigeuza kuwa kitu kama 2.55712E+11, na CSV inahifadhi hivyohivyo.

Mtiririko unaoharibu data nyingi kuliko wote ni huu: mtu anafungua CSV ya asili, anabonyeza kitufe cha kupunguza desimali ili jedwali lisomeke, anarekebisha jina moja la kijiji, anabonyeza Ctrl+S. Desimali za kolamu nzima zimekwenda kwa sababu ya jina la kijiji. CSV ya asili iwekwe "Read-only" siku inaposhushwa, na marekebisho yafanywe kwenye .xlsx.

Unapolazimika kutoa CSV kutoka Excel, chagua kwanza kolamu za viwianishi, Ctrl+1, "Number", weka "Decimal places" 6, ndipo uhifadhi. Sufuri za mwisho nazo zitaandikwa, na hilo lina faida: mfumo wa mnunuzi unaohesabu herufi baada ya nukta unaweza kuikataa 31.81248 ingawa kihesabu ni sawasawa na 31.812480. Kama unapeleka .xlsx kwenye mfumo wa namna hiyo, tengeneza kolamu ya maandishi kwa `=TEXT(C2,"0.000000")`.

LibreOffice Calc inakuuliza kwa uwazi zaidi. Wakati wa kuhifadhi CSV inaleta dirisha lenye kisanduku "Save cell content as shown", ambacho huja kikiwa na tiki. Iondoe, na thamani kamili zinaandikwa. Kwa kazi ya viwianishi, hicho kisanduku kimoja kinatosha kunifanya niipendelee Calc kuliko Excel. Google Sheets hufuata tabia ya Excel, inatoa CSV kama inavyoonekana; pia kagua "File", "Settings", "Locale" kabla ya kuingiza chochote.

Kuna mpangilio mmoja wa Excel unaopaswa kuogopwa: "Set precision as displayed", ndani ya "File", "Options", "Advanced". Ukiwekwa, Excel inakata thamani zenyewe zilingane na fomati, ndani ya .xlsx, kwa kudumu. Wahasibu huutumia ili jumla zilingane na senti zinazoonekana. Kitabu hichohicho kikija kutumika kwa data ya mashamba, kila mabadiliko ya fomati ni mkasi. Ukikuta desimali zimekatwa hata kwenye upau wa fomula na CSV ya asili ni nzima, tazama hapo kabla ya kwingine.

Wanaoandika makro za VBA wakumbuke kwamba `Range.Value` kwenye seli yenye fomati ya fedha hurudisha nafasi nne tu za desimali. `Value2` hurudisha yote.

Kupima kolamu nzima

Macho hayatoshi kwa mistari elfu tano. Kwenye kolamu ya pembeni, ukiwa kwenye mashine ya Kiingereza, weka `=IFERROR(LEN(B2)-FIND(".",B2),0)` na uivute hadi chini, inahesabu tarakimu baada ya nukta kama zilivyo ndani ya seli, bila kujali fomati. Kisha tengeneza PivotTable ndogo ya majibu hayo.

Kolamu iliyokuwa na nafasi sita kwa haki haitakuwa na 6 kila mstari. Tarakimu ya mwisho ni sufuri mara moja katika kumi, kwa hiyo tegemea takriban asilimia 90 ya mistari iwe na 6, asilimia 9 iwe na 5, na iliyobaki 4 au chini. Ukiona karibu asilimia 90 zina 2, kolamu ilikadiriwa mahali fulani. Ukiona nyingi zina 4 na 5 huku 6 ikikosekana kabisa, mshuku CAST ya SQL Server au FLOAT ya MySQL. Zikiwa 0 zote, nukta zimemezwa na mpangilio wa lugha. Na ukikuta makundi mawili ndani ya kolamu moja, mistari 3,000 yenye 6 na 2,000 yenye 2, panga kwa tarehe ya kuwasilishwa: huenda mafaili mawili yaliunganishwa, moja likiwa limeshapitia Ctrl+S ya mtu.